Nani Ana Kibali cha Kucheka Msibani?
Utani na mauti katika nchi ya Singida

Mwaka 1955 mwongozaji Alfred Hitchcock alitoa filamu ambayo maiti ndiyo kitovu cha kila kicheko. Katika The Trouble with Harry, mtu mmoja anakutwa amekufa kilimani, karibu na kijiji cha Vermont huko Marekani, na zaidi ya mtu mmoja kijijini ana sababu ya kudhani kwamba yeye ndiye muuaji. Wanamzika, wanamfukua, wanamzika tena, huku wakizungumzia chai, uchoraji na ndoa. Watazamaji wengi wa Marekani waliipa mgongo filamu hiyo. Huko Ufaransa, ilikaa kwenye majumba ya sinema miezi mingi. Mabishano ya kama kifo ni cha kuchekwa huweza kuzuka upya inapotoka filamu ya kuchekesha kuhusu mauaji. Mmoja anavunjika mbavu, mwenzake anauliza adabu imekwenda wapi.

Kwa wazee wa Manyoni, Iramba au Unyaturu, ubishi huo ungekwisha kwa swali moja: huyo anayecheka ni mtani?

Mtani ana kazi mbili msibani. Ya kwanza ni ya mikono: kuchimba kaburi, kuteka maji, kuchinja, kupika, kufagia uwanja siku ya kuanua matanga. Ya pili ni ya mdomo. Anaweza kuvaa koti na kofia ya marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akakohoa kikohozi chake, akadai deni ambalo halikuwahi kukopwa. Anaweza kutangulia kuingia kaburini, akajilaza humo na kukataa kutoka mpaka wafiwa wamkomboe kwa fedha au kuku. Anaweza hata kuwashutumu wafiwa mbele ya kadamnasi kwamba ndugu yao wamemuua wenyewe kwa uchoyo wa nyama. Maneno hayo yangetoka kwa jirani wa kawaida yangezaa ugomvi wa miaka. Yakitoka kwa mtani, mjane aliyekuwa akilia hujifunika kanga usoni ili asionekane anacheka.

Kibali hicho kina masharti yake. Anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika, na akikasirika ndiye mwenye aibu. Mtani naye anajua kwamba siku msiba ukimfika, waliotaniwa leo watakuja kwake na deni la kulipiza. Juu ya yote, hawezi kutania mikono ikiwa mfukoni. Aliyemwigiza marehemu asubuhi ndiye atakayeshika jembe mchana.

Mila hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita kwa miguu katika ardhi ambayo sasa ni Mkoa wa Singida. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori kubwa lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi, upande wa Manyoni na Itigi za leo. Wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Speke walilipita mwaka 1857 wakielekea Tabora. Henry Morton Stanley alilipita mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone. Waliobeba mizigo yao, kama ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliowatangulia, walikuwa wapagazi, na waliosifika kuliko wote katika kazi hiyo walikuwa Wanyamwezi.

Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na tatizo ambalo bunduki haikuweza kulimaliza. Ugogo ni nchi ya ukame, na visima vilikuwa na wenyewe. Watemi wa Kigogo walitoza misafara hongo ya vitambaa na bidhaa nyingine kabla ya kuiruhusu kuteka maji na kununua chakula. Stanley alilalamika sana juu ya hongo hiyo katika maandishi yake. Mgeni wa Kizungu angepita mara moja na kulalamika; Mnyamwezi alipita mwaka huu na angerudi mwaka ujao, na baada yake mwanawe. Alihitaji mtu wa kumpa maji, wa kumlaza akiugua, na wa kumzika akifia njiani mbali na ukoo wake. Utani ulimpatia mtu huyo. Wanyamwezi na Wasukuma wakawa watani wa Wagogo bara, na Wanyamwezi wakawa watani wa Wazaramo kule njia ilikoishia pwani.

Chanzo kingine kilichotajwa na wazee na kuandikwa na wataalamu ni vita. Makabila yaliyopigana yakachoka yaligeuza uadui kuwa matusi ya ruhusa, kama inavyosimuliwa kuhusu Wangoni na Wahehe. Vyanzo hivi viwili havikuwa mbali sana, kwa kuwa njia ya misafara nayo ilikuwa ya damu. Katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, Nyungu ya Mawe aliitawala Ukimbu, kusini mwa Itigi, akiwa na jeshi lake la ruga-ruga lililotisha wapita njia. Alifariki mwaka 1884 na utawala ukachukuliwa na mwanamke, Mgalula. Katika nchi ambamo msafara ungeweza kuvamiwa wakati wowote, mtu wa kabila jingine aliyekuja akitukana na kucheka alikuwa amekwishaeleza kwamba hakuja kupigana.

Wajerumani walipotawala waliweka kituo Kilimatinde, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Reli ya Kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na biashara ya upagazi ikafa. Utani haukufa pamoja nayo. Ulipanda treni. Vijana wa Iramba na Unyaturu waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walikutana huko na watu wa kila pembe ya Tanganyika, na hitaji lilikuwa lilelile la wapagazi: ukifa kambini, nani atakuzika? Mtani alikuwa jibu la karibu kuliko ndugu aliyehitaji siku kadhaa kufika.

Wasomi walichelewa kuliona jambo hili. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala yake maarufu kuhusu mahusiano ya utani mwaka 1940. Mwaka uliofuata, jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya R. E. Moreau kuhusu utani wa Tanganyika. Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na alikusanya habari za utani kwa subira ileile aliyozoea kuwatazamia ndege. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alihariri mfululizo wa majuzuu kuhusu utani katika makabila ya Tanzania.

Lakini Singida ina kumbukumbu nyingine ya mauti, isiyo na kicheko hata chembe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kati ya 1946 na 1948, watu waliuawa katika Wilaya ya Singida kwa namna iliyofanana na mashambulizi ya simba. Majeraha yalikuwa ya kucha na meno, au ndivyo yalivyoonekana. Polisi na maofisa wa utawala walifikia hitimisho kwamba vingi vya vifo hivyo vilikuwa kazi ya binadamu waliojifanya simba, wale waliotajwa kwa jina la mbojo. Watu walikamatwa, kesi zikasikilizwa. A. W. Wyatt aliandika kuhusu mkasa huo katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1950. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyeishi na kufanya utafiti kwa Wanyaturu, aliupitia upya katika jarida hilohilo.

Maajabu ni kwamba miaka hiyohiyo, kusini huko Njombe, mkasa ulikuwa kinyume chake. Mamia ya watu waliliwa na simba wa kweli, huku wanavijiji wakiamini kuwa wanyama hao walitumwa kwa uchawi. Bwana nyama George Rushby aliwawinda mmoja baada ya mwingine mpaka mauaji yakakoma. Kusini mwa Nigeria nako, kati ya 1945 na 1948, serikali ya Waingereza ilikuwa ikichunguza mauaji ya watu chui katika nchi ya Waannang. Watu 77 walinyongwa. Hollywood nayo haikulala. Mwaka 1946 ilitoa Tarzan and the Leopard Woman, filamu ya kujifurahisha kuhusu kundi linalovaa ngozi za chui na kuua. Mtazamaji wa Chicago alilipa tiketi kuona kitu ambacho mama wa Singida alikuwa akikihofia akienda kuteka maji.

Hapo ndipo tofauti kati ya utani na fumbo la mauaji inapoonekana. Utani unasimama juu ya uadui ulio wazi, ambao pande mbili zimekubali kuuweka hadharani na kuuchezea. Mbojo alikuwa uadui uliofichwa ndani ya ngozi, na aliyeshukiwa angeweza kuwa jirani anayekula chungu kimoja na wafiwa. Mtani anayesema "mmemuua wenyewe" huchekesha kwa sababu kila mtu anajua si kweli. Kijiji kikianza kudhani kwamba ni kweli, sentensi hiyohiyo inakuwa ushahidi.

Sinema ilipofika vijijini Tanganyika ilikuja na somo mkononi. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kutoka Vugiri karibu na Korogwe, ulitengeneza filamu kuhusu kodi, minyoo, malaria na akiba ya posta, kisha ukazitembeza kwa lori. Maofisa wa sinema za serikali katika makoloni ya Afrika walilalamika mara kwa mara kwamba watazamaji walicheka pasipostahili, hata mtu wa kwenye kitambaa alipoumia. Walihitimisha kwamba Mwafrika haelewi picha. Haikuwajia kwamba baadhi ya watazamaji walikuwa wamezoea, tangu utotoni, kumwona mtu mzima akijilaza kaburini na kudai kuku.

Baadaye Watanganyika wenyewe walitokea kwenye kitambaa. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika Muhogo Mchungu, mojawapo ya filamu za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nusu karne mbele, vibanda vya video vilipoenea mijini na kando ya barabara kuu, alizaliwa mtu wa aina mpya: mtafsiri wa filamu. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alichukua filamu za kigeni na kuzisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya awali, akiongeza maoni na mizaha yake. Jambazi akipigwa risasi kwenye skrini, msimuliaji alikuwa na la kumwambia. Hiyo ni kazi ya mtani kabisa, na watazamaji waliokaa kwenye mabenchi ya mbao waliipokea hivyo. Mchekeshaji marehemu King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, naye alijenga jina lake juu ya uso ambao ungeweza kulia na kuchekesha katika pumzi moja.

Leo mahali ambapo mzaha wa mauti unaonekana waziwazi zaidi ni uwanjani. Timu za soka za Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na si ajabu mashabiki wa timu iliyoshinda kubeba jeneza la mbao lililofunikwa kwa rangi za timu iliyofungwa, wakalililia na kulizunguka. Singida imeyajua mambo hayo kwa karibu tangu timu zake zilipopanda Ligi Kuu na vigogo hao kuanza kufika kwenye Uwanja wa Namfua, ambao sasa unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani. Anayelia nyuma ya jeneza lile anajua msimu ujao huenda akabebewa yeye.

Misibani, hata hivyo, nafasi ya mtani inazidi kubanwa. Mjini kuna mshereheshaji mwenye kipaza sauti, ratiba iliyochapwa, na wachimba kaburi wa kulipwa. Madhehebu kadhaa hayapendi mzaha mbele ya maiti. Vijana wa ndoa za mchanganyiko hawajui watani wao ni nani, na asiyejua mtani wake hawezi kujua nani amevuka mpaka. Mtani anayebaki mara nyingi ana haki ya mdomo peke yake, jembe limeshachukuliwa na kibarua. Mzaha bila jembe unaanza kuwa kero, na wafiwa wana sababu ya kuukataa.

Filamu ya kuchekesha kuhusu mauaji inaweza kutengenezwa Singida na ikapendwa, maana mkoa una fumbo la kweli la 1946 na una hadhira iliyofunzwa kucheka na kifo. Lakini mtunzi wake asianze na Hitchcock. Aende kwanza Manyoni, Kiomboi na Ikungi akawarekodi wazee wanaojua nani alimtania nani, kwa sababu gani na kwa mipaka ipi. Maofisa utamaduni wa wilaya nao hawana haja ya kungoja mtunzi huyo: simu yenye kinasa sauti inatosha kuianza kazi hiyo wiki hii.