Safura: Hamu ya Udongo na Upungufu wa Damu

Huenda unayajua yale mawe laini ya kula ambayo jirani zetu Waluo huyaita odowa. Labda unayatafuna wewe mwenyewe, au ni dada yako mjamzito anayeyaficha mkobani kwa kuona haya. Hamu hiyo si jambo jipya.

Mwaka 1870, msafiri David Livingstone akiwa Manyema, katika nchi ambayo leo ni Kongo, aliandika kuhusu ugonjwa ulioitwa safura huko Unguja. Wagonjwa walikula udongo, hasa wa kutani. Miguu ilivimba, mwili ukakonda, na kutembea kidogo tu kukawaishia pumzi. Livingstone alikanusha kwamba watumwa waliula ili wajiue. Hata matajiri wenye chakula tele waliugua, na wajawazito wa Manyema pia waliula.

Dawa yake je? Mavi ya chuma yalitiwa yakiwa mekundu kwa moto ndani ya siki ya mnazi, kisha ikaongezwa chumvi ya chuma pamoja na vitu vingine. Usijaribu, kwani dawa hiyo ilitapisha na kuharisha vikali! Lakini chumvi hiyo, feri salfeti, ndiyo inayotumika hadi leo katika tembe nyingi za kuongeza damu.

Siku hizi neno safura hutajwa zaidi kwa ugonjwa wa minyoo inayofyonza damu utumboni. Nako Kilifi, utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wajawazito walioulizwa walikula udongo, na walaji walikuwa na akiba ndogo ya madini ya chuma.

Je, upungufu ndio unaoleta hamu, au udongo ndio unaozuia chuma kuingia mwilini? Wataalamu bado wanajadiliana. Kwa vyovyote vile, udongo hauongezi damu, na huenda ukawa na mayai ya minyoo au madini ya risasi.

Kwa hivyo usione haya. Mwambie muuguzi kliniki, upimwe damu na choo, umeze tembe unazopewa. Kula maharagwe, omena, maini na terere pamoja na chungwa, na chai uinywe baadaye, si pamoja na chakula. Nawe mume au mama mkwe, usimcheke. Msindikize kliniki.