Mlinzi Asiyehesabiwa

Katika mpira wa kikapu macho yetu humfuata yule atiaye mpira kikapuni. Je, yule azuiaye, nani humwona?

Mwaka 1996 timu za Marekani zilipochagua vijana wa vyuo, Ben Wallace wa Alabama hakuchaguliwa na hata moja. Kufunga hakukuwa kazi yake. Mwaka 2000 Orlando walimtoa kwa Detroit, yeye na mwenzake, ili wampate Grant Hill, nyota mkubwa. Hill akaumia, akacheza mara 4 tu msimu ule. Wallace akawa ukuta wa Detroit. Alitajwa mlinzi bora mara 4: 2002, 2003, 2005 na 2006. Mwaka 2004 waliwashinda Lakers wa Shaquille O'Neal, michezo 4 kwa 1, wakatwaa ubingwa.

Mwaka 2006 alihamia Chicago kwa mkataba mnono. Lakini ulinzi hutegemea miguu na mgongo, na miaka haimwonei mtu haya. Kabla ya miaka 2 kwisha akapelekwa Cleveland. Alirudi Detroit mwaka 2009, akamalizia huko 2012.

Mfungaji akizeeka, mabao yake yamekwisha kuandikwa. Mlinzi je? Ni vigumu kuhesabu lisilotokea. Hata hivyo, mwaka 2016 Detroit waliiheshimu jezi yake namba 3, isivaliwe tena.

Basi nasi tujiulize: nyumbani mwetu ni nani azuiaye mabaya kila siku, wala hatujamshukuru? Tumshukuru kabla nguvu zake hazijaisha.