Pembetatu ya Manjano

Mtoto wetu hazaliwi na rangi yake. Huja mweupe au mwekundu, na weusi humfika taratibu. Ndiyo maana bibi akikabidhiwa mjukuu hakimbilii kutazama sura. Hulikunja sikio akaangalia ukingo wake wa juu, akatazama nyama inayozunguka kucha, kisha akakata shauri: huyu atafuata kwa babu yake. Bibi yangu mzaa mama alifanya hivyo kwa wajukuu wote, na sikumbuki akikosea. Lakini jicho hilohilo lililobashiri weusi wa miaka ijayo lilipata taabu kuona manjano ya jana. Kichanga wa siku nne akibadilika, jibu lilikuwa tayari: anachukua rangi yake.

Si kwamba lugha ilikosa maneno. Manjano ni bizari kwanza, kisha rangi, kisha ugonjwa. Nyongo tunaijua tangu tunapochinja kuku. Safura, neno ambalo siku hizi kamusi zinalifungamanisha na minyoo na upungufu wa damu, asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya manjano. Tatizo ni kwamba maneno hayo yamebeba mizigo mingi kwa pamoja. Mzazi akiambiwa mwanawe ana "homa ya manjano" anafikiria mbu na chanjo ya wasafiri, kumbe mtoto hana homa wala hakuumwa na mbu. Wahudumu wa afya siku hizi husema umanjano, nami nitalifuata neno hilo.

Umanjano wenyewe, mara nyingi, si ugonjwa. Tumboni mtoto huishi na chembe nyekundu nyingi kuliko anazozihitaji akishaanza kuvuta hewa. Baada ya kuzaliwa zile kuukuu huvunjika, na mabaki yake hugeuka kuwa bilirubini, kitu cha rangi ya manjano kisichoyeyuka vizuri kwenye maji. Kazi ya ini ni kukifunganisha na sukari fulani ili kiyeyuke na kutoka kupitia nyongo. Ini la kichanga halijaizoea kazi hiyo. Basi bilirubini hulimbikizana, na takriban watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi yao, na 8 kati ya 10 wa njiti, huonekana manjano katika wiki ya kwanza. Walio wengi hupona bila kufanyiwa lolote.

Walio wachache ndio waliowashughulisha madaktari kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1875 Johannes Orth, mwanapatholojia wa Ujerumani, alimpasua kichanga aliyekufa na umanjano mkali akakuta rangi imeingia hadi ndani ya ubongo, tena si kila mahali bali katika mafungu maalumu ya kina. Mwaka 1904, huko Dresden, Christian Georg Schmorl alieleza maiti 120 za watoto waliokuwa na umanjano. Kwa wengi ubongo ulikuwa umepata rangi hafifu iliyotapakaa. Kwa 6 manjano ilikuwa imekolea kwenye viini vya ubongo kana kwamba imepakwa kwa brashi. Schmorl aliuita uharibifu huo "kernicterus", jina lililounganisha neno la Kijerumani lenye maana ya kiini, kama kokwa ndani ya embe, na lile la Kigiriki la umanjano. Jina hilo linatumika hadi leo.

Hao walionekana baada ya kufa. Waliosalimika walikuwa na dalili zao, na aliyewahi kuziona hazisahau: mtoto analegea, anakataa ziwa, kisha analia kwa sauti kali nyembamba na mgongo unapinda nyuma kama upinde. Muuguzi asiye mzoefu anaweza kudhani ni pepopunda. Nyumbani wataita degedege na kutafuta mganga wa ndege. Baadaye hubaki mtindio wa ubongo wenye viungo vinavyojinyonganyonga, uziwi, na macho yasiyoweza kutazama juu. Akili mara nyingi iko salama ndani ya mwili usiotii, jambo ambalo jirani anayemwita mtoto huyo zezeta halijui.

Swali likawa moja: utajuaje mapema ni yupi atakayepona mwenyewe na ni yupi anayekwenda huko?

Kwa muda mrefu kipimo kilikuwa jicho. Mwaka 1916 Mholanzi Hijmans van den Bergh na mwenzake walionyesha jinsi ya kupima bilirubini ya damu kwa kemikali, na jinsi ya kutenganisha ile iliyokwishapita kwenye ini na ile ambayo bado. Lakini kipimo bila tiba hakikuwa na haraka. Tiba ilikuja katika miaka ya 1940, baada ya kujulikana kwamba damu ya mama isiyo na kipengele cha Rh inaweza kushambulia ya mtoto aliye nacho. Louis Diamond wa Boston alipitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kitovu, akatoa damu ya mtoto kidogo kidogo na kurudishia ya mtu mwingine, mpaka karibu yote imebadilishwa. Kazi hiyo inachosha, ina hatari, na inamtaka daktari aseme leo na si kesho. Mwaka 1952 David Hsia na wenzake, Diamond akiwamo, walipiga hesabu kwa watoto wenye tatizo la Rh wakaona hatari inapanda sana bilirubini ikizidi miligramu 20 kwa kila desilita ya damu. Namba hiyo iliganda vichwani mwa madaktari wa watoto kiasi kwamba miaka thelathini baadaye wawili kati yao waliitungia jina la kejeli lenye maana ya hofu ya ishirini.

Nami ningeicheka hofu hiyo kama si mkasa wa New York. Huko William Silverman na wenzake waliwagawa watoto njiti kwa kura: kundi moja likapewa penisilini na dawa ya salfa kuwakinga na maambukizi, jingine likapewa dawa tofauti. Salfa ilikuwa dawa ya kawaida, hakuna aliyeitilia shaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1956 yalionyesha kwamba waliopewa salfa walikufa zaidi, na walipopasuliwa, wengi walikutwa na ubongo wenye manjano, hata wale ambao bilirubini yao haikuwa juu ya kutisha. Sababu ilieleweka baadaye. Bilirubini husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa na protini iitwayo albumini, kama abiria kitini. Salfa hupanda basi hilohilo na kumwondoa abiria kitini, naye anayeshuka huingia ubongoni. Kumbe namba ya damu haisemi yote, kwani lililo muhimu pia ni kiasi gani kiko huru. Kwa sababu hiyo hadi leo wauguzi na madaktari huepuka kuwapa vichanga dawa za jamii ya salfa.

Mwaka huohuo wa 1956, upande wa pili wa bahari, jambo jingine lilikuwa likitokea, na halikutokea maabara.

Katika hospitali ya Rochford, mkoa wa Essex huko Uingereza, wodi ya njiti ilisimamiwa na muuguzi aliyeitwa Ward. Aliamini hewa safi na jua ni bora kuliko joto la chumba kilichofungwa, basi siku za kiangazi alikuwa akiwatoa watoto uani, mmoja mmoja, na kuwarudisha kabla madaktari hawajapita. Siku moja, madaktari wakiwa kwenye mzunguko wao, alimfunua kichanga mmoja kwa kusitasita. Mwili wote ulikuwa na manjano hafifu, ila sehemu moja yenye umbo la pembetatu ilikuwa imekolea, mipaka yake imekatika kama iliyochorwa kwa rula. Daktari mkubwa, Dobbs, alimuuliza amempaka dawa gani. Muuguzi akajibu kwamba hakupaka kitu, labda ni jua. Daktari hakuelewa: jua gani linalounguza kwa umbo la pembetatu? Ndipo akafafanua. Pale palipokolea palikuwa pamefunikwa na ncha ya shuka. Jua halikuongeza rangi popote. Lilikuwa limeifuta kila mahali isipokuwa hapo.

Baada ya muda ikafuata ajali ya chupa. Damu ya mtoto mwenye umanjano mkali ilisahauliwa dirishani kwa saa kadhaa, na maabara ikatoa jibu la chini mno, lisilolingana na mtoto aliyelala kitandani. Walipoichukua upya ikarudi kuwa juu, na walipoiacha tena juani ikashuka. Mwaka 1958 Cremer, Perryman na Richards walichapisha makala katika jarida la Lancet wakieleza athari ya mwanga, pamoja na kitanda walichokitengeneza chenye safu ya taa za mirija za mwanga wa buluu. Jina la Ward halimo miongoni mwa waandishi. Habari ya pembetatu ilikuja kusimuliwa na madaktari wenyewe miaka mingi baadaye.

Brazil waliidaka tiba hiyo mapema. Marekani walisubiri mpaka mwaka 1968, Jerold Lucey wa Vermont alipochapisha jaribio lenye kundi la kulinganisha. Leo tunajua kwamba mwanga wa buluu huipinda molekuli ya bilirubini iliyo ngozini ikapata umbo linaloyeyuka, likatoka bila kulisubiri ini.

Hapa ndipo ninapowageukia wazazi wetu wa pwani. Ushauri wa kumwotesha mtoto jua la asubuhi una ukweli ndani yake, lakini ukweli uliopungua. Dakika kumi za jua kupitia nguo mbili na kanga haziondoi bilirubini ya kuua, na kichanga aliyevuliwa nguo juani hupoa au huungua. Kule Lagos watafiti walijenga vibanda vyenye karatasi za plastiki zinazozuia miale mibaya na kupitisha buluu, na matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha jua lililochujwa linafanya kazi sawa na taa za kawaida. Hilo lilihitaji banda, kipima joto, na muuguzi anayekaa hapohapo.

Tena arobaini yetu, pamoja na heshima zake zote kwa mzazi, humweka mtoto katika chumba chenye pazia lililoshushwa na kibatari au taa hafifu. Chini ya mwanga kama huo hakuna jicho linaloona manjano. Na sandukuni zimo nguo alizoachiwa na mdogo wa baba, zimehifadhiwa pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende. Mvuke wa vidonge hivyo vya naftalini unaweza kuzivunja chembe nyekundu za mtoto aliyepungukiwa na kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo ulitambuliwa mwaka 1956 katika uchunguzi wa dawa ya malaria, na mwaka 1960 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na ambaye alikwisha kuunganisha selimundu na malaria, alichapisha taarifa yake kuhusu watu wa Afrika Mashariki. Kwetu mama asiye na Rh ni nadra. Sababu zetu ni hizi: kimeng'enya, njiti, maambukizi, makundi ya damu ya A, B na O kutolingana. Kutoka Kilifi, mwaka 2005, ilichapishwa kazi iliyofuatilia neva na makuzi ya watoto waliowahi kulazwa kwa umanjano na maambukizi, maana kumtoa mtoto wodini akiwa hai ni nusu ya habari.

Vifaa vya kupimia vilitengenezwa kwa ngozi nyingine. Mwaka 1960 Gosset wa Uingereza alileta kipande cha plastiki angavu chenye mistari ya manjano ya viwango mbalimbali: unakibana puani mwa mtoto mpaka damu ikimbie, unalinganisha. Mwaka 1969 Kramer alieleza kwamba umanjano hushuka kutoka kichwani kwenda miguuni, hivyo viganja na nyayo zikiwa manjano jua hatari iko karibu. Mwaka 1980 Wajapani walileta kifaa kinachomulika ngozi na kusoma mwanga unaorudi. Vyote vina maana, lakini weusi wa ngozi humeza sehemu ya mwanga huo. Mwaka 2023 taasisi ya Uingereza inayochunguza usawa wa afya kwa watu wa asili mbalimbali ilieleza waziwazi kwamba miongozo ya vichanga imejaa maneno ya rangi, waridi na manjano, yanayomfaa mtoto mweupe. Hata alama za Virginia Apgar za mwaka 1953, zinazompima kila mtoto dakika ya kwanza, zina moja kati ya tano inayohusu rangi. Blantyre kimejaribiwa kifaa kidogo kinachosoma tone la damu kwenye karatasi, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa damu haina kabila.

Juzi nilikaa kwenye wodi ya njiti nikimtazama nesi akimtoa mtoto chini ya taa. Alizima taa kwanza, kwa maana chini ya buluu kila mtoto anafanana na mwenzake. Kisha hakupima paji la uso lililokuwa limeangaziwa, kwa kuwa ngozi iliyomulikwa hupauka kabla ya damu na kumdanganya mtu. Alibandua kipande cha gundi nyeusi alichokuwa amekibandika tangu jana, na hapo, kwenye sehemu ya ukubwa wa sarafu ambayo mwanga haukuifikia, ndipo alipoegemeza kifaa chake.