Kidirisha cha kosa na mashini isiyo na macho: historia fupi

Kuna kazi moja ambayo karibu kila mtu aliyepita kwenye agronomia anaijua: kuingiza takwimu. Tuseme fishi 600 zimetoka kijijini, zingine zimelowa mvua, na zote zinapaswa kuingia kwenye programu ya zamani inayokubali fishi moja moja. Siku hizi vijana wako na dawa ya kazi hiyo. Wanaandika skripti ndogo, kwa AutoHotkey ama kwa Python, inayoshika panya na kibodi mahali pa mtu. Inafungua fomu, inaandika, inafinya «Enregistrer», inapita kwa fishi inayofuata. Unaiwasha usiku wakati umeme uko, unalala, asubuhi kazi imekwisha.

Sasa fishi ya 212 ilikuwa na herufi mahali pa namba. Programu ikatoa kidirisha: thamani hii haikubaliki. Skripti haikukiona. Iliendelea kuandika na kufinya, kumbe kidirisha kimeziba njia na maneno yote yanaanguka chini. Asubuhi skripti inatangaza: «Mwisho, 600.» Ndani ya programu mko 211. Tena hiyo ni bahati. Siku nyingine skripti inafinya Enter, kidirisha kinafungika chenyewe, na kuanzia hapo kila kitu kinasogea safu moja: mvua inaingia mahali pa mavuno, mavuno mahali pa umri wa mti. Mko 600 kweli, lakini hakuna atakayejua kwamba zimeharibika.

Wengine watasema skripti ni mbaya, wengine watasema programu ni ya zamani. Mimi naona shida hii iko na historia yake, na historia hiyo imeshaua watu, hata hapa Afrika yetu. Tuifuate polepole.

KIDIRISHA KILIANDIKIWA JICHO

Macintosh ya Apple ilipotoka mwaka 1984, na Windows mwaka 1985, watu wa kawaida walianza kuzoea kidirisha kidogo chenye maneno mawili matatu na kitufe cha OK. Tukiangalia vizuri, kile ni barua. Kinasimamisha kazi mpaka mtu asome na ajibu. Waliokitengeneza walikuwa na hakika ya jambo moja: mbele ya skrini kuna mtu amekaa.

Hakika hiyo haikudumu. Mwaka 1990 Windows 3.0 ilikuja na programu ndogo yenye jina Recorder. Ilirekodi mwendo wa mikono yako kwenye panya na kibodi, kisha ikaurudia. Ilirudia tu. Kitu kikibadilika katikati, wapi, haikuwa na njia ya kujua. Windows 95 ilipotoka, Recorder haikuwamo tena, lakini wazo lake lilibaki. AutoIt ilikuja 1999, AutoHotkey 2003, Selenium 2004 kwa kurasa za intaneti. UiPath, iliyoanzia Bucharest nchini Romania mwaka 2005, ikaja kuifanya kazi hiyo biashara kubwa ya dunia nzima.

Vyombo hivi vinapita Recorder mbali sana. Vinaweza kungojea dirisha, kusoma jina lake, kuuliza kama liko ama haliko. Lakini skripti inaona kile tu ulichoiambia itafute. Kama hukuiambia kwamba kosa linaweza kuja, kwake yeye kosa haliko duniani.

Tena kuna tabia nyingine ya zamani. Kwenye Visual Basic, lugha ya Microsoft iliyotoka 1991, kuna amri «On Error Resume Next», yaani ukikuta kosa, pita, endelea na mstari unaofuata. Amri hiyo iko na maana yake: inamwachia mwandishi nafasi ya kulichunguza kosa yeye mwenyewe mara moja. Wengi waliandika nusu ya kwanza na kuacha ya pili. Programu zao hazikulia tena, na wao wakaona zimepona.

MTU NAYE ANAWEZA KUGEUKA SKRIPTI

Msifikiri ni mashini peke yake. Katika miaka ya 1980 kampuni ya serikali ya Kanada, AECL, ilitengeneza mashini ya kutibu kansa kwa mionzi, Therac-25. Mashini za kabla yake zilikuwa na vizuizi vya chuma na vya umeme vilivyozuia hatari hata kompyuta ikikosea. Kwenye Therac-25 sehemu kubwa ya ulinzi huo iliachiwa programu.

Programu hiyo ilitoa makosa mara nyingi, na ujumbe wake ulikuwa namba kavu tu. Mwezi wa Machi 1986, katika mji wa Tyler, Texas, skrini iliandika «MALFUNCTION 54». Kitabu cha maelezo hakikumsaidia mfanyakazi kujua maana yake. Alikuwa amezoea kuona makosa ya namna hiyo na kuyapita kwa kufinya P, yaani endelea. Akafinya P. Mgonjwa aliyelala chumba cha pili alikuwa amekwisha kupigwa na mionzi mara nyingi zaidi ya kipimo chake, na sasa akapigwa tena. Siku hiyo kamera na kipaza sauti cha kumfuatilia havikuwa vinafanya kazi. Kati ya 1985 na 1987 ajali sita za namna hiyo zilijulikana, Marekani na Kanada, na angalau wagonjwa watatu walikufa.

Mwanamke yule hakuwa mzembe. Mashini yenyewe ilimfundisha kwamba kosa ni kelele ya kupita. Kidirisha kilikuwako, jicho lilikuwako, lakini ujumbe haukuwa na maana ya kusomeka. Ukimwonyesha mtu barua tupu arobaini, ile ya arobaini na moja hataifungua.

ADDIS ABABA, TAREHE 10 MACHI 2019

Sasa tusogee karibu na kwetu. Asubuhi ya Jumapili hiyo ndege ya Ethiopian Airlines, safari ET302, iliruka kutoka Bole kwenda Nairobi. Ilikuwa Boeing 737 MAX, mpya kabisa. Dakika sita baadaye ilianguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Chini ya miezi mitano mbele, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189.

Ndani ya ndege hizo kulikuwa na programu inayoitwa MCAS. Kazi yake ilikuwa kusukuma pua ya ndege chini, bila kumwuliza rubani, pale inapodhani pua imepanda mno. Ilijuaje? Kwa kifaa kidogo ubavuni kinachopima pembe ya ndege na hewa. Ndege iko na vifaa viwili hivyo, kushoto na kulia, lakini katika kila safari MCAS ilisikiliza kimoja tu. Kwenye ET302 kile cha kushoto kilianza kutoa namba za uongo mara tu baada ya kuruka. MCAS ikaamini. Ikasukuma pua chini, marubani wakaivuta juu, ikasukuma tena.

Hapa ndipo kidirisha chetu kinaingia. MAX ilipaswa kuwa na onyo kwenye skrini, «AOA DISAGREE», la kumwambia rubani kwamba vifaa viwili havikubaliani. Kwenye ndege nyingi onyo hilo halikufanya kazi. Programu ilikuwa imelifunga pamoja na kipimo kingine cha ziada ambacho kampuni ya ndege hununua ikitaka. Usipokinunua, onyo nalo linakaa kimya. Boeing yenyewe iligundua jambo hilo mwaka 2017, ikaamua kulitengeneza baadaye, na ikawaarifu wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani baada ya ajali ya Indonesia.

Onyo hilo peke yake labda lisingeokoa ndege. Sababu za ajali zile zilikuwa nyingi. Lakini tuangalie sura yake: programu inatenda yenyewe, inaamini chanzo kimoja, na ujumbe wa kosa haufiki kwa mtu. Ni sura ile ile ya skripti na fishi ya 212. MAX iliporuhusiwa tena Marekani, Novemba 2020, MCAS ilikuwa imefundishwa kulinganisha vifaa vyote viwili kabla ya kugusa kitu. Vikitofautiana sana, inanyamaza na kumwachia rubani ndege yake.

KOSA LISILO NA KIDIRISHA HATA KIMOJA

Kuna pia kosa lisilosema kitu. Katika uchaguzi wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, matokeo yalionyeshwa kwenye skrini kubwa huko Bomas, Nairobi. Kura zilizokataliwa zikapanda, zikapita 300,000. Hakuna kompyuta iliyolalamika. Ni watu walioona kwamba idadi hiyo haina akili. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikaja kueleza kwamba programu ilikuwa inazidisha kura hizo kwa nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Kwa macho ya programu, namba mbaya na namba nzuri zilikuwa sawasawa. Kilichosaidia ni mtu aliyekuwa na kitu cha kulinganisha.

SASA SKRIPTI YETU

Kama skripti yako imepita juu ya kidirisha cha kosa, tafuta kwanza hapa:

Lugha. Skripti nyingi tunazitoa kwenye intaneti, na zinatafuta dirisha lenye jina «Error». Kompyuta zetu nyingi zinasema Kifaransa. Dirisha linaitwa «Erreur», ama linabeba tu jina la programu. Skripti itatafuta mpaka kesho.

Wakati. Skripti inaangalia mara moja, nusu sekunde baada ya kufinya, inaona hakuna kitu, inaendelea. Kidirisha kinakuja sekunde ya pili, kwani mashini ni nzito. Dawa si kuongeza usingizi. Iambie ingojee moja ya mambo mawili, alama ya kufaulu ama alama ya kosa, na iweke kikomo. Kikomo kikifika bila hata moja, isimame. Kimya nacho kihesabiwe kuwa kosa.

Ruhusa. Tangu Windows Vista, programu iliyofunguliwa kwa nguvu za msimamizi haipokei amri kutoka kwa skripti ya mtumiaji wa kawaida. Utaona kidirisha kwa macho yako, lakini skripti haiwezi kukigusa.

Umbo. Si kila kidirisha ni dirisha la kweli. Vingine vimechorwa ndani ya ukurasa wenyewe, na skripti inayohesabu madirisha haitavikuta.

Kuziba. Mara nyingine amri iliyoleta kidirisha inangoja kifungwe, na skripti nzima inakwama hapo hapo. Inahitajika mlinzi wa pembeni, skripti ya pili ndogo, ambayo kazi yake ni kutazama madirisha tu.

Kisha, hata ukitengeneza yote hayo, hesabu. Fishi zilizotoka kwenye karatasi ziwe sawa na zilizo ndani ya programu. Chagua ishirini bila mpango, uzilinganishe na karatasi kwa mkono. Mama anayeuza mchele sokoni hapakii mzigo kwenye baleinière bila kuhesabu magunia akipakia na akishusha. Sisi wenye lisanse tusishindwe naye.

NA SISI WA TSHOPO?

Jambo hili linatugusa zaidi ya tunavyofikiri. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, kituo chake kikuu cha utafiti Yangambi, na Barumbu ikawa moja ya vituo vyake. Mwaka 1970 INERA ikarithi kazi hiyo. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1930 hadi ya 1950, watu walizunguka msituni Yangambi wakiandika kwa mkono mti upi umetoa maua, upi umeangusha majani. Majina ya wengi wao hatuyajui. Karatasi zao zilibaki.

Kuanzia mwaka 2015 mradi unaoitwa Jungle Rhythms ulianza kuziingiza karatasi hizo kwenye kompyuta. Picha za tablo ziliwekwa kwenye intaneti, na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakazinakili. Na hawakumwamini mtu mmoja. Mstari ule ule ulinakiliwa na watu kadhaa tofauti, kisha majibu yakalinganishwa. Wasipokubaliana, hapo kuna alama ya kuangalia tena. Ni dawa ile ile iliyowekwa kwenye MAX baada ya watu 346 kufa, na hapa iliwekwa mapema, kwa ajili ya maua ya miti tu.

Leo Yangambi iko na mnara wa CongoFlux, mita 55, unaopima pumzi ya msitu usiku na mchana bila mtu kushika kalamu. Vizuri sana. Lakini takwimu za mashamba yetu, za mihogo, za kakao, za memware zetu, bado zinapita kwenye mikono yetu na skripti zetu. Juu ya hizo kuna mtu atakayeshauri mkulima wa Isangi apande lini. Safu iliyosogea moja itamfikia yule mkulima bila kidirisha chochote.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha skripti yako usiku, chukua fishi moja, weka herufi mahali pa namba kwa makusudi, kisha kaa mbele ya skrini utazame itafanya nini.