Kivukoni: Nani Alimvusha Kijana Wetu?



Ndugu yangu katika imani, darsa la leo ni la historia, tena ya bonde letu la Kilombero. Nikisema Kivukoni usidhani ni ile ya Dar es Salaam penye samaki. Nasema Kivukoni ya Ifakara, mto unapokata njia ya kwenda Mahenge. Wazee walivuka kwa mitumbwi, wakaja kuvuka kwa pantoni, na tangu 2018 sisi tunapita juu ya daraja la mita 384 bila hata kuangalia maji.

Uko mvuko mwingine ambao daraja lake bado. Angalia hili neno letu "chuo". Mzee wa zamani akikuambia mtoto yuko chuoni, alikusudia kwa mwalimu, na juzuu yake mkononi. Leo ukisema chuoni, mtu anafikiria umeme, uashi, udaktari. Neno ni moja, vyuo ni viwili, na vijana wetu wa kiume wengi wameishia katika cha kwanza. Kwa nini?

Wadachi walipotawala, Muislamu hakuwa nyuma. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza miaka ya 1890, haikuwa ya misheni, kwa hiyo mzazi wa pwani hakuogopa kumpeleka mwanawe. Wakatoka humo makarani na maakida, wakatumwa bara. Baada ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 Uislamu ulizidi kuenea kusini, na watu walimwona Muislamu kuwa ndiye mwenye kalamu.

Kisha wakaja Waingereza, na mambo yakageuka kwa jambo lililoonekana dogo. Kuanzia 1925 serikali yao iliamua kushirikiana na misheni katika elimu. Shule iliyofuata mtaala wa serikali na kukubali kukaguliwa, ikapewa ruzuku. Chuo chetu cha Qur'an hakikuwa na hesabu wala Kiingereza, kikaachwa nje. Huku kwetu Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwa wameingia tangu 1921. Wakajenga shule, ikaja hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, na mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy akaanzisha maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Kazi za mahali kama hapo zilimtaka mtu aliyekaa darasani. Darasa lilikuwa la misheni, na baba wa Kiislamu aliogopa mwanawe atarudi na jina jingine. Hofu ile haikuwa ya kijinga, lakini gharama yake ilibebwa na wajukuu.

Sikuandikii haya uwachukie jirani zako. Wengi wetu tumetibiwa Mtakatifu Fransisko tukapona. Ninachotaka ukitazame ni namna misheni ilivyomshika mtoto. Ilimpa bweni, ikamlisha, akawa na mtu mzima anayemjua kwa jina na kumuuliza jana alikuwa wapi. Sisi tulipoamka tulikimbilia majengo.

Na kuamka tuliamka. Dar es Salaam, Al-Jamiatul Islamiyya ilianzishwa 1933, Waislamu wakachangishana wakajenga shule yao. Mombasa likafanyika kubwa zaidi: Sayyid Khalifa bin Haroub, Sultani wa Zanzibar, pamoja na Aga Khan, Mabohora na serikali ya Uingereza walitoa fedha, kikajengwa chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki yote. Kikaitwa MIOME, wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951. Mwaka 1966 kikafunguliwa kwa watu wa dini zote, na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kazi tukufu, Allah awalipe waliotoa. Ila fikiria kijana wa Malinyi mwaka 1951. Amehitimu Qur'an chini ya mwembe, hesabu hajui, Kiingereza hajui, hata reli ya TAZARA haijaota ndoto ya kupita Ifakara. Mombasa angefikaje? Na angefika, nani angempa nauli ya kurudi likizo?

Milango mingine ilifunguka baadaye. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misheni mikononi mwa serikali. Mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuona vyuo vya wananchi vya Sweden, vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na Ifakara kipo kimoja, hakikuulizi dini. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kikaanza masomo. Mabinti waliokatishwa shule kwa ujauzito nao wamefunguliwa mlango katika vyuo hivi vya wananchi, alhamdulillahi. Mvulana ndiye anayeambiwa "wewe mwanaume, jitafutie".

Basi anajitafutia. Mvua ikinyesha anaenda kulima mpunga, akipata bodaboda ya hesabu anapanda, miwa ya Kidatu ikihitaji wakataji anaenda kukata. Muhula unaisha jina lake liko kwenye daftari, mwenyewe hayupo. Na msikitini hakuna aliyegundua, kwa sababu hatukujua kama anasoma.

Sasa rudi Madina. Nyuma ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) palikuwa na kibaraza kilichoezekwa, Suffa. Walilala hapo wanaume masikini, wengi vijana, wasio na ukoo mjini wala mali, kazi yao kujifunza. Abu Hurayra (r.a.) alikuwa mmoja wao. Mtume hakuwaambia wajitafutie. Jioni aliwagawa kwa masahaba, mwenye chakula cha kutosha aondoke na mgeni, na waliobaki akala nao yeye. Na baada ya Badr, mateka aliyejua kuandika na hana fidia, alikombolewa kwa kufundisha watoto kumi wa Madina. Walimu wale walikuwa makafiri, na somo halikuwa la dini.

Wewe mkulima wa Kilombero, mpunga wako ni wa mvua. Ukifika nisabu, ambayo wanazuoni wengi wanaikadiria karibu kilo 650, zaka yake ni sehemu ya kumi, nayo hutolewa siku ya kuvuna, haingoji Ramadhani. Fakiri na masikini ndio wa kwanza kutajwa kati ya wanaostahiki. Kijana anayesoma uashi huku analala na njaa, je, si mmoja wao? Muulize sheikh wako akupambanulie hali ya kila mmoja. Sadaka haina hata haja ya kuuliza.

Ijumaa hii mwambie imamu wako asimamishe vijana walioko vyuoni, aandike majina yao, nani analala wapi, nani anadaiwa ada, nani hana zana za kazi. Daftari hilo likae kwa mtu mmoja mwaminifu mwenye simu, na kila mwezi awapigie. Mavuno yanaanza Mei.

Wabillahi tawfiq.