Mwenza wako ni mgeni na kibali kimeisha? Cha kufanya ukiwa Mbeya au Iringa

Ndoa haifuti siku zilizozidi. Hilo ndilo la kwanza kulijua kama umeoa au umeolewa na raia wa nje na muda wake wa kukaa Tanzania umekwisha. Mtu anaweza kuwa na cheti cha ndoa, watoto watatu na shamba la kokoa kule Kyela, na bado Uhamiaji wakamhesabu kuwa yupo nchini kinyume cha sheria.

Habari njema ni kwamba ndoa inakupa sababu ya kuomba. Ila kuomba kunataka utokeze mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoogopa.

Aliingiaje?

Swali hili linabadilisha kila kitu, kwa hiyo jibu lake ulijue kabla hujafika ofisini.

Raia wa Malawi na Zambia hawahitaji viza kuingia Tanzania. Wakipita Kasumulu au Tunduma wanagongewa muhuri na kupewa siku za matembezi, kwa kawaida zisizozidi 90. Watu wengi wanachanganya hapa. Kutohitaji viza si ruhusa ya kuishi, wala ya kufanya kazi. Siku zikiisha, zimeisha, hata kama amekuja kwa mumewe.

Kundi la pili ni wale ambao hawakugonga muhuri kabisa. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wametenganishwa na Mto Songwe tu. Lugha zinasikilizana, na misiba wanazikana. Upande wa Zambia ni hivyo hivyo kwa Wanamwanga na Wanyiha. Binti akiolewa ng'ambo anavuka na mabegi yake, nani afikirie pasipoti? Kisheria lakini huyu hana kibali kilichoisha, hajawahi kuwa nacho. Kesi yake ni nzito kuliko ya aliyepitiliza siku, na asiende Uhamiaji bila kuongea kwanza na mwanasheria.

Wakimkuta kabla hajajitokeza

Anaweza kufikishwa mahakamani kwa kosa la kuwepo nchini isivyo halali chini ya Sheria ya Uhamiaji. Hukumu inayosikika sana kwenye kesi hizi ni faini ya Sh500,000 au kwenda jela, kisha kuondoshwa nchini. Anaweza pia kutangazwa mhamiaji asiyetakiwa, ile ambayo mtaani wanaita "kupigwa PI". Hapo kurudi kunakuwa na mlolongo mwingine kabisa.

Na wewe mwenyeji usijione uko salama. Kumhifadhi mtu ambaye unajua hana ruhusa ya kuwepo nchini nako ni kosa.

Kuna ujanja mmoja maarufu mipakani: mgeni anatoka kwa njia ya panya, halafu anarudi kupitia Kasumulu au Tunduma ili apate muhuri mpya. Usimshauri. Pasipoti yenye mihuri miwili ya kuingia bila wa kutoka katikati inajisemea yenyewe, na afisa anaisoma kwa nusu dakika.

Karatasi kwanza

Nyumba nyingi hukwama hapa. Mahari imelipwa, wazee wamekaa, mke yupo ndani miaka sita, lakini cheti hakuna. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, na kutoisajili hakuivunji. Shida ni kwamba afisa wa Uhamiaji hawezi kuambatanisha wazee kwenye faili. Nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya mkaulize usajili. Kama ndiyo kwanza mnataka kufunga ya kiserikali, hesabuni taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa.

Wengine hutegemea kile kifungu cha 160, kwamba watu wakikaa pamoja miaka miwili na jamii ikawajua kama mume na mke, wanadhaniwa wameoana. Kifungu kipo. Lakini ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, na mahali pake hasa ni mahakamani, kwenye ugomvi wa mali na matunzo. Usiende nacho Uhamiaji kama ndiyo cheti chako.

Mbali na cheti cha ndoa, andaa uthibitisho wa uraia wako (cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA), pasipoti ya mwenza, picha, barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, na barua yako wewe ya kumdhamini. Ongeza barua ya kueleza kwa nini muda ulipita. Ukweli mfupi unatosha: alikuwa mjamzito, pasipoti iliisha, hatukujua. Usitunge kifo cha bibi.

Peleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Mbeya au Iringa. Maombi yenyewe yanajazwa mtandaoni na malipo yanafanyika kwa namba ya kumbukumbu ya serikali, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkabidhi mtu noti mkononi. Afisa atakueleza kama mwenza anafaa kuomba pasi ya mtegemezi au kibali cha ukaazi, na zile siku zilizozidi zinamalizwaje kwanza. Inawezekana akatakiwa kutoka nje na kuingia upya kihalali. Inauma, nauli nayo inauma, lakini ni tofauti kubwa na kuondoshwa.

Akipata pasi ya mtegemezi, aishi. Kuajiriwa ni suala jingine: sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inataka kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi.

Mke mgeni na mume mgeni si sawa

Hili wengi hawalijui mpaka wamechelewa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Soma tena hayo maneno matatu ya mwisho. Mume akifa kabla ombi halijapelekwa, mlango huo umefungwa, na mjane anabaki mgeni kwenye nyumba aliyoijenga. Mwanamke wa Karonga aliyeolewa Ipinda na kukaa miaka ishirini bila karatasi yuko hatarini zaidi siku ya msiba kuliko siku ya msako.

Mwanaume mgeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo kabisa. Anaomba kama mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na tabia njema. Dada wa Mbeya aliyeolewa na Mzambia anaweza kumdhamini aishi, lakini hawezi kumpa uraia kwa ndoa. Si haki, na sheria ndivyo ilivyoandikwa.

Kumbuka pia Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayechukua wetu anaacha wa kwao.

Watoto

Mtoto aliyezaliwa hapa na mzazi mmoja Mtanzania, awe baba au mama, ni raia. Kibali cha mzazi mwingine kuisha hakumgusi. Msajilini mapema; wa chini ya miaka mitano anapata cheti bure, na mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuuanza mpango huo, mwaka 2013.

Iringa ni hadithi nyingine

Huku mgeni mara nyingi si wa mpakani. Ni mtu aliyekuja kujitolea kwenye misheni, hospitali au shule, akiwa na kibali kilichoombwa na taasisi. Mkataba ukiisha au akiacha kazi, sababu ya kibali kile imeondoka, hata kama tarehe bado inasoma mbele. Akipata mchumba Iringa mjini au Mafinga, abadilishe kibali kabla ya kuondoka kwenye taasisi, kwa sababu wakati huo bado ana mtu wa kumwandikia barua.

Vishoka

Karibu na ofisi hizi hakosekani jamaa wa kukuambia "nipe laki tatu, kesho unapata". Muhuri wa kughushi unageuza kosa la kuchelewa kuwa kosa la jinai la kughushi, na anayebeba pasipoti hiyo ni mwenza wako, kishoka hayumo. Kama huna hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure wasio na uwezo. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yako, na uende na nakala za karatasi, si halisi.