Soko la Pamoja la Karibi
Soko la Pamoja la Karibi ni mpango wa Jumuiya ya Karibi (CARICOM) wa kuunganisha uchumi wa nchi wanachama, nyingi zikiwa visiwa vidogo, kwa kuondoa vizuizi vya bidhaa, huduma, mitaji na wafanyakazi wenye ujuzi. Msingi wake ni Mkataba wa Chaguaramas uliorekebishwa mwaka 2001. Lilianza tarehe 1 Januari 2006 kwa Barbados, Belize, Guyana, Jamaika, Suriname na Trinidad na Tobago. Visiwa vya mashariki vilifuata mwaka huohuo, Bahamas ikabaki nje. Uhuru wa watu kuhama umekwenda polepole kuliko wa bidhaa. Soko kubwa la nje ni Marekani, ambako sheria iliyopitishwa Washington, D.C., mwaka 1983 ilifutia ushuru bidhaa nyingi za Karibi.